Shajara ya mradi: picha nane za mandhari, nyumba moja ya Mbezi

Nyumba ni ya chini, vyumba vitatu vya kulala, karibu na bahari kiasi kwamba chumvi hushika kwenye vyuma vya madirisha. Sebule na sehemu ya kulia chakula ni chumba kimoja, m 5.2 kutoka magharibi kwenda mashariki na m 4.1 kutoka kaskazini kwenda kusini. Dari iko m 2.9. Mwenye nyumba anataka picha za mandhari ya Tanzania, zilizochorwa kwa mkono, zisizo chapa. Kazi imeanza juma la mwisho la Juni.

Utaratibu wa mradi ni mmoja: picha hainunuliwi kabla ukuta wake haujapimwa jua, unyevu na urefu wa macho ya mtu atakayeitazama. Anayeanzia dukani hurudi na picha nzuri, kisha anazunguka nayo nyumba nzima akiitafutia mahali.

Siku ya 1. Jua

Dirisha kubwa la sebule linatazama magharibi. Lina upana wa m 1.4, kingo yake ya juu iko m 2.1 kutoka sakafuni, na upande wake wa kusini uko m 1.5 kutoka kona ya ukuta wa kusini. Kila nusu saa, kuanzia saa 9 alasiri, tumebandika tepu ya karatasi kwenye mpaka wa mwanga, sakafuni na ukutani, na kuandika saa juu yake.

Ukuta wa mashariki umekufa papo hapo. Unapigwa jua la moja kwa moja jioni nzima, kwa hiyo hakuna picha itakayokaa pale. Kwa rangi za maji miezi michache ingetosha kuona nyekundu na zambarau zikipauka. Rangi za mafuta zingechelewa tu.

Ukuta wa kusini, ambako kochi limekaa, ndio uliotupa kazi. Mwishoni mwa Juni jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini, hivyo linapotua mwanga wake huingia kwa mshazari kuelekea kusini-mashariki. Saa 11:30 jioni hivi mwanga ulikuwa unagusa ukuta wa kusini kuanzia m 3.1 kutoka kona ya magharibi, na umepanda hadi kama sm 140. Picha ya upana wa sm 150 ikiwekwa katikati kabisa ya ukuta ingeishia m 3.35. Yaani robo ya mita ya upande wake wa kushoto ingeoga jua kila jioni, wiki kadhaa kila mwaka, na baada ya miaka michache picha ingekuwa na rangi mbili.

Uamuzi: kochi linasogezwa sm 45 kuelekea magharibi na picha inalifuata. Itaanzia m 1.40 na kuishia m 2.90. Kochi kutokuwa katikati ya ukuta hakumsumbui mtu. Nafasi iliyobaki upande wa mashariki imepewa mmea wa chungu.

Kama nafasi ingeruhusu tungepima pia Desemba. Haikuruhusu, na hilo limerudi mwishoni mwa shajara hii.

Siku ya 2 na ya 3. Unyevu

Karatasi ya nailoni ya sm 50 kwa 50 imebandikwa kwa tepu pande zote nne, moja kwa kila ukuta unaofikiriwa, na kuachwa saa 48. Matone yakiota upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiota upande wa nje, ni hewa ya chumba inayoganda juu ya sehemu baridi.

Kuta zote zilikuwa kavu isipokuwa moja: ukuta wa korido unaopakana na bafu. Pale kuanzia sakafuni hadi kama sm 70 nailoni ililowa ndani, na lipu ina unga mweupe wa chumvi inayochomoza. Kupaka rangi juu ya unga huo ni kupoteza rangi. Picha za korido zimehamishiwa ukuta wa pili.

Tumeandika pia mahali pa kiyoyozi. Hakuna picha chini yake wala mbele ya pumzi yake. Turubai hulegea hewa ikiwa na unyevu na hukaza ikikauka. Ukiiwekea kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi, unailazimisha kufanya hivyo kila siku, na rangi iliyokauka juu yake haina mnyumbuko wa kitambaa. Huko ndiko nyufa zinakoanzia.

Siku ya 4. Ukubwa

Karatasi za kaki zimekatwa kwa vipimo vya picha tunazozifikiria na kubandikwa ukutani kwa siku mbili. Ni njia ya bei nafuu kuliko zote na haijawahi kudanganya.

Juu ya kochi: picha iwe kati ya theluthi mbili na robo tatu ya urefu wa kochi. Kochi lina sm 220, kwa hiyo sm 147 hadi 165. Tumechukua 150 kwa 90. Karatasi ya sm 100 iliyojaribiwa kwanza ilionekana kama stempu kwenye bahasha.

Korido ina upana wa m 1.2. Mtu akiegemea ukuta mmoja, macho yake yako kama mita moja tu kutoka ukuta wa pili. Ili jicho liikamate picha nzima bila kuzungusha shingo, linahitaji umbali wa kama mara moja na nusu ya mshazari wa picha. Picha ya 30 kwa 40 ina mshazari wa sm 50, inataka sm 75. Inafaa. Ya 60 kwa 80 inataka mita moja na nusu, na korido haina. Basi korido inapata picha tatu ndogo zenye mambo mengi ya kutazama kwa karibu, si pori kubwa lililo tupu.

Siku ya 6. Upeo wa macho

Hapa ndipo picha za mandhari zinapotofautiana na picha nyingine zote, kwa hiyo tumekaa siku nzima.

Picha ya ua au ya sura ya mtu unaweza kuitundika kwa kitovu chake. Mandhari ina mstari ambao macho huutafuta yenyewe: pale mbingu inapokutana na nchi au bahari. Nje ya nyumba mstari huo uko sawa na macho yako daima, usimame au uketi. Ukiwa ndani na mstari uko nusu mita juu ya macho yako, bahari inakuwa imekuinamia. Ukiwa chini sana, unajiona umepanda juu ya paa. Watu wengi hawawezi kusema kasoro iko wapi. Wanasema tu picha "haijakaa".

Kanuni ya majumba ya makumbusho, kitovu cha picha sm 145 hadi 155 kutoka sakafuni, imetungwa kwa watu waliosimama. Kwenye meza ya chakula hakuna anayesimama. Tumepima macho ya mtu mzima aliyekaa kwenye viti vya nyumba hii: sm 118. Kwenye kochi ni sm 112 hivi. Aliyesimama, kati ya sm 150 na 160.

Kwa hiyo kila picha iliyopendekezwa sasa imeandikiwa namba ya ziada: kimo cha upeo wa macho kutoka kingo yake ya chini.

Namba 1, sebuleni: bonde la Mazinde linavyoonekana kutoka Irente, juu ya Lushoto. Akriliki, 150 kwa 90. Upeo uko sm 52 kutoka chini. Kingo ya chini ikiwa sm 103, upeo unaangukia sm 155, sawa na macho ya anayeingia mlangoni. Tumechagua aliyesimama na si aliyekaa, kwa sababu anayekaa kwenye kochi hilo ameipa picha kisogo. Tena hii ni picha ya kutazama chini kutoka genge la mwamba. Mtu akisimama mbele yake anapata kile ambacho mchoraji alikipata.

Namba 2 na 3, mezani: shamba la mkonge la Tanga, na ufukwe wenye ngalawa. Zote 80 kwa 60. Hapo mwanzo mwenza wa mkonge alikuwa picha ya milima ya Uluguru. Mkonge una upeo sm 20 kutoka chini na mbingu kubwa. Uluguru una upeo sm 34. Zikiwekwa bega kwa bega, fremu zimelingana lakini nchi moja imezama sm 14. Tulijaribu kulinganisha upeo na kuachia fremu zipishane: kwa kuwa fremu ni za kipimo kimoja, ilionekana fundi amekosea. Ufukwe una upeo sm 22. Tofauti ya sm 2 inavumilika, na hapo unafuata fremu, kwa sababu jicho huona fremu mbili zilizopishana sm 2 haraka zaidi kuliko bahari mbili.

Tumekuwa tukitumia mpaka huu: tofauti chini ya sm 3, linganisha fremu. Zaidi ya hapo, zitenganishe, kila moja ukuta wake. Kulinganisha upeo na kuacha fremu zipande na kushuka kunafaa pale tu picha zinapokuwa za ukubwa tofauti kabisa, ili ionekane ni makusudi.

Neno kuhusu upeo ulio juu sana. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesomea Makerere na kuwa balozi wa Tanganyika mjini London, alipanga vilima, migomba na watu kazini wakipandiana kwenda juu, mbingu ikibaki kidogo. Picha za mtindo huo hazidai kulinganishwa na macho. Unazisoma kama mkeka. Hizo zitundike kwa kitovu, usihangaike.

Siku ya 8. Mlima umekataliwa

Kwa chumba cha kulala ilipendekezwa picha ya Kilimanjaro, rangi za mafuta, 100 kwa 70. Kazi ya brashi ni nzuri. Mbele kuna migomba na mibuni, nyuma Kibo yenye theluji, na Mawenzi upande wa kushoto.

Kibo iko magharibi ya Mawenzi. Ukiutazama mlima kutoka Moshi, upande wa migomba na kahawa, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Mawenzi huja kushoto ukiwa upande wa kaskazini, Amboseli, na huko mbele yako kuna tambarare kavu, migunga na tembo. Mchoraji alinakili picha ya kamera iliyogeuzwa. Kwa mtu asiyeujua mlima haidhuru. Mwenye nyumba ana ndugu Marangu. Kila mgeni wa upande ule angeanza mazungumzo kwa kosa hilo.

Milima ya Uluguru iliyokataliwa mezani imechukua nafasi ya kitandani. Upeo wake wa sm 34 na ukungu wake wa kijivu-buluu ndivyo chumba cha kulala kilivyohitaji.

Mambo mengine tunayokagua kwenye mandhari kabla ya kulipa: tanga la chombo na minazi vinaegemea upepo mmoja? Ngalawa ina mirengu yote miwili, ile ya pembeni inayoizuia isipinduke? Vivuli vyote vinaanguka upande mmoja? Mbuyu wenye majani tele haukai juu ya nyasi zilizokauka njano. Na la mwisho, ambalo si kosa la mchoraji bali la anayepanga picha: mwanga ndani ya picha unatoka upande gani? Ukuta wa kusini una dirisha upande wake wa kulia, ukiutazama. Picha ya Irente ina jua la alasiri linalotoka kulia. Ingekuwa kinyume, mchana kweupe ungeona picha inabishana na chumba.

Siku ya 9. Malighafi

Turubai ya Irente imeinuliwa mbele ya dirisha na kutazamwa kwa nyuma. Hakuna vitundu vya mwanga. Msingi mweupe umepakwa vya kutosha. Tulikataa nyingine mbili ambazo mwanga ulipenya kama chekeche: kitambaa cha pamba chepesi, msingi umepakwa mara moja, na mafuta ya rangi yatakila kitambaa pole pole.

Shida ya Irente ni nyingine. Imekuja imeviringishwa, na ukingo mtupu kuzunguka picha ni sm 3.5 tu. Ili kuiwamba unahitaji sm 5 kila upande: unene wa mbao sm 2.5, na sm 2.5 za kushika pini nyuma. Suluhisho: mbao za kuwambia zimetengenezwa 147 kwa 87, na sm 1.5 za picha zimegeuka kuwa ubavu kila upande. Upeo umeshuka kutoka sm 52 hadi 50.5, namba imesahihishwa kwenye orodha. Ukinunua picha iliyoviringishwa, ukingo mtupu ndio kitu cha kwanza kuuliza, kabla ya bei.

Tena iliviringishwa rangi ikiwa ndani. Inatakiwa iwe nje, juu ya bomba la upana usiopungua sm 10. Rangi ikiwa ndani hubanwa na kujikunja. Ikiwa nje hutanuka kidogo na kurudi. Akriliki hulainika kwenye joto, na picha mbili zikilazwa uso kwa uso ndani ya gari lililoegeshwa juani hugandana. Tumeilaza Irente juu ya meza, rangi juu, kwa saa 24 kabla ya kuigusa.

Ya kuingilia mlangoni, namba 8, ni ya mtindo wa Tingatinga: mbuyu, kijito na ndege, rangi ya enameli juu ya hadibodi ya 61 kwa 61. Mtindo huu ulianza hivyo hivyo: Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli na vipande vya bodi za dari. Enameli inafaa mlangoni maana vumbi na chumvi vinafutika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kasoro yake ni mng'ao, na nyeupe yake kugeuka njano ikiwekwa gizani.

Siku ya 12. Kuwamba

Mbao: msaji mkavu, sm 5 kwa 2.5, kingo ya ndani imerandwa mshazari ili turubai iguse ukingo wa nje peke yake. Isiporandwa hivyo, baada ya mwaka mstari wa mbao hujichora mbele ya picha. Kwa kuwa upande mrefu umezidi sm 100, umewekwa mhimili mmoja katikati.

Pini moja katikati ya kila upande kwanza, upande na mwenzake. Kisha kwenda pembeni kwa sm 5, siku zote ukivuka upande wa pili baada ya kila pini. Anayeanzia kona anapata mikunjo ambayo hakuna kabari itakayoitoa. Kabari nane za mbao zimetiwa kwenye kona, mbili kila kona, zimegongwa kidogo tu. Zitagongwa tena baada ya masika.

Siku ya 14. Fremu na vioo

Picha tatu za korido ni rangi za maji juu ya karatasi, kwa hiyo lazima kioo. Kioo cha mm 3 kina kilo 7.5 kwa mita ya mraba. Fremu ya nje ni 44 kwa 54, kwa hiyo kila moja inabeba kilo 1.8 za kioo. Hiyo si shida. Shida ni kioo kugusa karatasi. Hapa pwani karatasi iliyogusana na kioo hushikana nacho na kuota madoa ya kuvu. Kadibodi ya pembeni isiyo na asidi, unene wa mm 2, inaweka nafasi kati yake.

Kwa kadibodi hiyo hiyo tumemaliza tatizo la upeo. Picha tatu zina upeo wa sm 12, 14 na 17. Fundi fremu ametengeneza fremu tatu za nje zilizo sawa kabisa, lakini dirisha la kadibodi amelikata juu kidogo kwa moja na chini kidogo kwa nyingine, hadi upeo wa zote tatu uko sm 21 kutoka chini ya fremu. Zikiwekwa mstari mmoja, pwani inapita fremu zote tatu bila kukatika. Kazi ya nusu saa, na ndiyo iliyopendeza kuliko zote katika mradi huu.

Hadibodi ya Tingatinga imepakwa vanishi nyuma na, muhimu zaidi, kwenye kingo nne. Hadibodi hunywa maji kwa kingo kama biskuti.

Mbao za fremu: msaji na mkongo. Tuliomba zisiwe mbao laini zisizo na dawa, kwa sababu ya bungua. Unga mwembamba kama chai ya majani iliyosagwa chini ya fremu maana yake fremu inaliwa.

Siku ya 17. Kutoboa

Ukuta ni tofali za saruji, lipu mm 15 hadi 20. Plagi ya plastiki ya mm 8 inayokomea ndani ya lipu itatoka na kipande cha lipu. Tundu liwe la kina cha mm 60, ili plagi yote ya mm 40 ikae ndani ya tofali. Tepu imezungushwa kwenye biti kuonyesha mm 60.

Skrubu na kulabu zote ni za chuma kisichoshika kutu. Hatukutumia nailoni ya mshipi wa kuvulia: hairefuki siku ya kwanza, hurefuka mwezi wa tatu, na picha inashuka kidogo kidogo upande mmoja.

Fundi alikuwa ameshaweka alama ya kulabu ya pili ya mezani. "Mama, swichi hii ya taa ya nje, waya wake unatoka juu au chini?" Mwenye nyumba hakujua. Mabomba ya umeme hupanda wima juu ya swichi, na alama ilikuwa sm 4 tu kando ya wima wa swichi. Picha zote mbili zimesogezwa sm 12. Usitoboe juu ya swichi wala soketi hata kama umezima umeme. Bomba likitobolewa, waya huliwa na chumvi taratibu.

Tundu moja la sebuleni lilipanuka: lipu yenye mchanga mwingi ilimwagika kama sukari. Limejazwa saruji, plagi ikazamishwa ndani ingali mbichi, likaachwa siku tatu.

Siku ya 20. Kutundika

Namba 1, baada ya kuwambwa, ina kimo cha sm 87. Ili upeo wa sm 50.5 ukae kwenye 155, kingo ya chini ni 104.5 na ya juu 191.5. Haina waya: vishikio viwili vya umbo la D vimefungwa nyuma, sm 22 kutoka juu. Kulabu mbili, zote sm 169.5 kutoka sakafuni. Sakafu ya hapa ina mteremko wa mm 6 kutoka kona hadi kona, kwa hiyo kulabu ya kwanza tu ndiyo iliyopimwa kutoka sakafuni. Ya pili ilipigwa pima maji kutoka kwa ya kwanza.

Mgongo wa kochi uko sm 88. Kati yake na picha kuna sm 16.5, lakini kichwa cha mtu anayeegemea hufika kama sm 120. Kochi limeachwa sm 12 kutoka ukutani. Bila hivyo, mafuta ya nywele yangechora mstari wao wenyewe chini ya Mazinde.

Mezani fremu ya nje ni 90 kwa 70. Kingo ya chini sm 93, ya juu 163. Zimetundikwa kwa waya. Vishikio viko sm 18 kutoka juu, na fundi aliitumia namba hiyo: 163 toa 18, kulabu kwenye 145. Picha ikashuka hadi ikakaa juu ya kabati la vyombo lenye kimo cha sm 85. Waya ukivutwa kwa kidole katikati, kama kulabu itakavyouvuta, kilele chake kinafika sm 10 kutoka juu. 163 toa 10 ni 153. Zile sm 8 ndizo zilizopotea. Pima waya ukiwa umevutwa, hakuna njia nyingine.

Kitovu cha picha za mezani sasa kiko sm 128, chini sana kwa anayepita. Aliyepita aliuliza kama kazi haijaisha. Alipoketi hakuuliza tena.

Vipande vya raba vya mm 8 vimebandikwa kwenye kona za chini za kila fremu, hewa ipite nyuma. Pia vinazuia mjusi kafiri asifanye makao pale, ingawa si kabisa.

Siku ya 21. Taa

Balbu za sebuleni zilikuwa nyeupe ya kelvini 6500, na ukungu wa Uluguru ulipopitishwa pale kwa jaribio ulionekana kama zege. Zimewekwa za kelvini 3000, mwanga wa njano kidogo, zenye kipimo cha uhalisi wa rangi cha 90 au zaidi. Taa ya Irente inaipiga picha kwa pembe ya nyuzi 30: dari m 2.9, kitovu cha picha m 1.48, kwa hiyo taa iko sm 82 kutoka ukutani. Ikisogea karibu zaidi, kila pigo la brashi linatoa kivuli. Ikisogea mbali, unaona balbu ndani ya rangi.

Korido: kipimo cha mwanga kimeshushwa hadi kama luksi 50, kiwango cha rangi za maji. Kwa mafuta na akriliki, luksi 150 hadi 200 zinatosha.

Siku ya 60. Ukaguzi

Waya zote zimekaa. Irente imekaza, kabari hazikuguswa.

Namba 8 imeachia ukuta mm 4 kwenye kona ya juu kulia. Vanishi ya kingo hiyo ilirukwa sm 10 hivi, unaona kwa kidole. Imeshushwa, imekaushwa ndani siku mbili, kingo imepakwa mara mbili, na kipande cha mbao cha sm 2 kwa 2 kimegundishwa nyuma kwa mshazari.

Kilichobaki ni Desemba. Jua likiwa kusini, mwanga wa dirisha lile lile la magharibi utageukia ukuta wa kaskazini. Kwa hesabu utaugusa kuanzia kama m 2.8 kutoka kona ya magharibi, na picha za mezani, zilizo kwenye ukuta huo, zinaanzia m 3.1. Mwenye nyumba ameagiza pazia lenye bitana. Tepu za Juni zimeachwa sakafuni chini ya zulia, na zitawekewa wenzao juma la 21 Desemba kuanzia saa 10 jioni.